Taru si Jangwa, ni Mwezi wa Tatu

Hebu chukua simu yako uiambie ikutafsirie neno la Kiingereza autumn. Itakujibu "vuli", bila wasiwasi hata kidogo. Ndiyo maana ukisoma hadithi za Ulaya zilizotafsiriwa kwa haraka unakuta majani yanageuka manjano, yanapukutika, watu wanatoa makoti kabatini, na majira yenyewe yameitwa vuli. Kwa mtu aliyelelewa Taru, hiyo ni sawa na kuambiwa kuku ananyonyesha. Vuli ni mvua, na ndiyo inayorudisha majani mtini.

Najua wengi wenu mkisikia Kwale mnaona Diani: mchanga mweupe, ngamia wa kupigia picha, mtalii na dafu lake. Taru iko Kwale hiyo hiyo, ila upande wa bara, Kinango, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kati ya Samburu (Samburu yetu, si ile ya kaskazini) na MacKinnon Road. Kama umewahi kupanda basi la usiku, ushapita hapo umelala. Waliopita kabla yako, kwa miguu na macho wazi, ndio waliopaandika kwenye ramani kwa jina la Jangwa la Taru. Jina hilo nimelisoma shuleni nikiwa nimekaa ndani ya hilo jangwa lenyewe, nje ya dirisha kukiwa na majani mabichi na ng'ombe waliovimba matumbo kwa kushiba. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja: hawa jamaa walipita mwezi gani?

Swali la kitoto, lakini limenifikisha mbali. Manake kwetu mwezi ndio kila kitu.

Jua hupita juu ya ikweta mara mbili kwa mwaka, na ukanda wa mvua hulifuata kama ndama anavyomfuata mamake. Kwa hivyo tuna mvua mbili. Ya kwanza huja kati ya mwisho wa Machi na Juni. Vitabu vya shule huiita masika, lakini wazee wa kwetu huiita mvua ya mwaka, au mwaka tu. Ya pili ni vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Lifikirie hilo neno la kwanza kidogo. Neno la siku zote 365 na neno la mvua ni moja. Mvua ile isiponyesha, kalenda ukutani itageuka vizuri tu, ila mwaka wenyewe haujaja.

Katikati ya mvua mbili kuna vikavu viwili. Juni hadi Septemba ni kipupwe, pepo za kusi, usiku wenye baridi ambayo mtu wa Nairobi ataicheka lakini sisi tulijifunika kanga tatu. Januari hadi Machi ni kiangazi, pepo za kaskazi, jua la kupasua mawe. Na katika kila kikavu, miti ya Taru huvua nguo. Kwa hivyo kama ni lazima tutafutiwe msimu wa majani kupukutika, basi tunao, tena miwili kwa mwaka mmoja. Na hakuna hata mmoja unaoitwa vuli.

Sehemu kubwa ya nyika ile ni migunga na miti ya jamii inayotoa manemane, yenye magome yanayobanduka kama karatasi nyembamba. Miti hii haipotezi muda. Mvua ikikatika tu, yenyewe inahesabu hasara na kufunga duka: majani yote chini, shina linabaki la kijivu, na maji kidogo yaliyomo ndani yanahifadhiwa. Ukiitazama Agosti utaapa imekufa. Mibuyu nayo inasimama uchi, mikono juu. Halafu katikati ya ukavu huo kuna kimti kifupi, shina nene kama chupa, kinachoamua kuchanua maua ya waridi wakati hakina hata jani moja. Sijui kinamringia nani.

Sisi watoto msimu wa kupukutika tuliujua kwa masikio. Mbuzi walikula majani makavu yaliyoanguka chini ya miti, kra kra kra, kama watu wanaotafuna njugu matangani. Usiku matrela yalishusha gia barabarani, na kwa kuwa miti haikuwa na majani ya kuzuia sauti, yalikuwa kama yanapita uani. Vuli ikija, barabara ilisogea mbali. Nyumba ileile, kitanda kilekile, lakini trela likawa mngurumo mdogo wa mbali, juu yake vyura wa kwenye lambo wanapiga kelele hadi alfajiri. Tone la kwanza likipiga vumbi, harufu ile! Kesho yake kumbikumbi, siku chache baadaye mtsunga unachipua kando ya shamba, na mama anatupikia sima kwa mboga chungu ambayo hakuna aliyeinunua. Kunde na pojo zinapandwa. Mbayuwayu wanafika.

Sasa turudi kwa wapitaji. Mwaka 1848, tarehe 27 Aprili, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliondoka Rabai kuelekea Chaga, mwavuli mkononi, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara. Aliivuka nyika wakati wa mvua ya mwaka, na tarehe 11 Mei akaona kilele cheupe cha Kilimanjaro. Alipoandika kwamba ni theluji, bingwa mmoja wa jiografia aliyekaa London, William Desborough Cooley, alikataa katakata. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani. Cooley hakuwahi kukanyaga huku, lakini alijua majira gani yanaruhusiwa kuwa wapi. Simu yako inayokuambia autumn ni vuli ni mjukuu wake.

Miaka 35 baadaye akaja Mskoti Joseph Thomson, kijana wa umri kama wangu, akielekea nchi ya Wamaasai. Aliondoka Mombasa Machi 1883. Machi! Mwisho kabisa wa kiangazi, wakati miti imekaa uchi tangu Januari na mvua ya mwaka haijagonga mlango. Kitabu chake kilichotoka 1885 kikasomwa sana, na picha ya Taru iliyobaki humo ni ya kiu, miiba na msitu wa kijivu usio na uhai. Hakudanganya. Mimi mwenyewe nikikupeleka mwisho wa Machi utaona alichokiona. Ila aliona ukurasa mmoja wa kitabu cha kurasa kumi na mbili, akakipa kitabu kizima jina.

Na hata katika ukurasa huo, walioujua walikuwa wanasoma kitu kingine. Mwamba wa Taru ni mchanga uliogandamana kuwa jiwe karibu miaka milioni 300 iliyopita, kabla dinosaria hawajazaliwa, na wanajiolojia wameupa jina la Taru yenyewe. Juu ya mwamba huo kuna mashimo ya asili yanayoshika maji ya mvua, ambayo wasafiri wa zamani waliyaandika kwa jina la ngurunga. Misafara yote ya Mombasa ilipangwa kwa hesabu ya mashimo hayo. Yakiwa na maji, unapita. Yakiwa makavu, unarudi au unakufa. Wawindaji wa Kiwaata, waliofuata ndovu kwa upinde, waliyajua. Waduruma waliyajua, na Wakamba wa misafara vilevile. Kwao Taru haikuwa jangwa bali mahali penye masharti.

Tofauti ya maneno hayo si mchezo. Nyika kwa Kiswahili ni pori kavu, na kutoka hapo watu wa bara ya Pwani wote wakaitwa Wanyika, watu wa porini. Jina hilo liliandikwa kwenye vitabu na faili za serikali kwa miongo mingi, mpaka kufikia miaka ya 1940 ambapo watu wenyewe walishikilia jina la Mijikenda, miji tisa. Watu waliweza kulikataa jina lao. Ardhi haina mdomo, ikabaki jangwa.

Na ukishaita mahali jangwa, hutajiuliza sana ukipatendea chochote. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kabla 1897 haijaisha ilikuwa imefika Voi, kumaanisha ilikata Taru katikati. Tatizo la wahandisi lilikuwa maji, kwa hivyo maji ya maelfu ya wafanyakazi, wengi wao kutoka India, yalibebwa kwa treni kutoka nyuma. Treni ya kwanza nchini kwetu ilikuja na mitungi yake, kama mgeni asiyeamini jikoni la mwenyeji.

Halafu mvua zikagoma. Njaa ya 1898 hadi 1900 iliangamiza watu wengi katika nchi ambayo sasa ni Kenya. Wamijikenda waliipa jina: Magunia, kwa sababu ya magunia ya chakula cha msaada yaliyoletwa. Nimelipenda na kuliogopa jina hilo. Halikuhesabu waliokufa wala halikulia. Limetaja kitu kimoja tu ambacho kila aliyebaki hai alikiona kwa macho yake, basi, na mjukuu wa mjukuu akilisikia anajua kilichotokea.

Katika miaka ya 1950 likaja bomba. Chemchemi za Mzima ziko Tsavo, zinapata maji yake kutoka kwa mvua inayozama kwenye vilima vya Chyulu na kutokea chini ikiwa safi kama kioo. Serikali ya mkoloni ikayavuta maji hayo zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa, mji uliokuwa unakua na una kiu. Bomba lilishuka na njia ileile ya misafara na reli. Yaani maji ya kudumu, yasiyojua kiangazi wala vuli, yamepita kando ya Taru tangu kabla ya baba yangu kuzaliwa, yakielekea kwingine. Nimekua nikibeba mtungi wa lita 20 kwenda kupanga foleni, chini ya miguu yangu mto wa watu wengine ukipita. Jangwa halina haja ya maji, si ndiyo?

Hapa nisimame niseme jambo ambalo kumbukumbu za nyumbani hazipendi kulisema. Wazee hudai mvua za zamani zilikuwa na adabu, zilifika siku yake na kuondoka siku yake. Na mimi nikikumbuka utotoni nakumbuka vuli tu, siku zote vuli, kama hakukuwa na Machi. Lakini Magunia ilikuwa wakati wa mababu wa hao wazee. Mvua haijawahi kuwa na adabu. Vuli hasa hutegemea bahari: maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inamwaga kupita kiasi, kama 1961, 1997, 2019 na 2023. La Niña ikitawala kule Pasifiki, mara nyingi vuli inakauka. Taru imekuwa ikicheza kamari hii tangu zamani.

Kilichobadilika, nionavyo mimi, ni kile kilichokuwa kinatusitiri kati ya hasara moja na nyingine. Zamani mvua ikikosa huku, ng'ombe walisogezwa kule. Leo kule kuna mwenyewe. Mbuga ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na Waata walioishi kwa uwindaji wakageuzwa majangili kwenye ardhi ya babu zao. Baadaye nyika nyingi ikagawanywa kuwa ranchi. Mguu uliokuwa jibu la ukame umefungwa kwa waya. Na miti nayo inaondoka. Ukipita barabara kuu mchana utaona magunia ya makaa yamesimama kando ya lami, yamefungwa vizuri, yanangoja magari ya watu wa mjini. Kila gunia ni migunga iliyovumilia vikavu chungu nzima kwa ujanja wake wa kuangusha majani, ikashindwa na panga. Siwalaumu wanaochoma. Nawajua, na najua ni nini kiliisha nyumbani kwao kabla hawajashika panga. Mimi mwenyewe mjini nimepikia makaa hayo.

Mwaka 2020 vuli haikuja. 2021 mvua ya mwaka haikuja, wala vuli yake. 2022 vilevile, zote mbili. Misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na magazeti yakaandika ni ukame mbaya zaidi kwa miaka 40. Kwetu ng'ombe ndio benki. Muhula wangu wa kwanza chuoni ulikuwa fahali mmoja. Wa pili ulikuwa mitamba miwili. Ukame ulipokaza, bei ikaanguka kwa sababu kila mtu anauza na hakuna wa kununua mifupa. Kufikia mwaka wa pili hapakuwa na mnyama aliyeweza kusimama hadi mnadani. Baba alinipigia simu, hakusema niache chuo. Alinihesabia waliokufa kwa majina, mmoja mmoja, kwa sababu ng'ombe wetu wana majina, akanyamaza. Nikaelewa. Wiki hiyo nikaanza kuandika makala za kulipwa kwa neno, na bado ndiyo kazi.

Kwa hivyo ninapoandika kuhusu majira, sitafuti mashairi. Kwa mtu wa Taru msimu ni karo, ni mahari, ni kama dada atamaliza fomu foo.

Vuli ya 2023 ikaja na El Niño, ikaja yote kwa pamoja, kama mdaiwa anayekulipa madeni ya miaka mitatu kwa kukurushia sarafu usoni. Mafuriko yalisomba barabara na mazao kote Pwani. Lakini nilipofika nyumbani Desemba kulikuwa na kijani hadi macho yanauma. Ile miti ya kijivu niliyodhani safari hii imekufa kweli, mingi ilikuwa na majani. Zizi lilikuwa na nyasi hadi magotini, manake hapakuwa na wa kuzila.

Na mbayuwayu walikuwepo, wamejipanga kwenye nyaya za stima. Hapo ndipo nilipoisamehe simu kidogo. Mbayuwayu hao hutoka Ulaya na Asia wakikimbia baridi pale majani ya huko yanapoanza kuanguka. Kule Ngulia, Tsavo Magharibi, wataalamu wamekuwa wakiwavisha ndege wahamiaji pete miguuni tangu 1969, usiku wa ukungu wa Novemba na Desemba, na wengi wa ndege hao wanasafiri na mvua yetu, kwa kuwa mvua huleta wadudu. Diani wanaijua hesabu hiyo kwa njia yao: mzungu naye huja Ulaya ikipoa, na mvua ya mwaka ikianza hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi au hufunga kabisa. Kumbe kupukutika kwa huko na kuchipua kwa huku ni tukio moja, limeshikwa ncha mbili. Kosa la tafsiri ni kudhani ncha hizo zinafanana.

Kinachonisumbua sasa ni jina. Watu wa 1899 waliotaabika kuliko sisi walituachia Magunia. Sisi tuna "ukame mbaya zaidi kwa miaka 40", maneno ambayo yatatumika tena ukame ujao kwa kubadilisha tarakimu. Miaka hamsini baadaye mtoto wa Taru akiuliza 2022 ilikuwaje, atapewa grafu. Nimewahi kumwuliza baba ni jina gani angeupa. Alifikiri sana, akasema alikuwa anasikia kimya. Zizi bila kengele. Labda jina liko hapo karibu. Nyinyi wa Kinango, Ganze, Marsabit, Garissa, mna la kwenu pia. Litamkeni kabla halijasahaulika.

Nawe unayepita tu, ukiamka basini alfajiri ukaona miti ya kijivu pande zote mbili hadi upeo wa macho, usimwambie jirani yako kwamba hili ni jangwa. Angalia tarehe kwanza.